Lita Mia na Kumi za Agosti

Jumanne, 1 Agosti 1995

Ufunguo wa gari uko hatarini. Naandika nikiwa nimeushika mkono wa kushoto.

Kamati ya ushirika wetu wa wakulima wa njugu ilikaa leo hapa Suna. Mwenyekiti, Mama Jedidah, alisema petroli inatumaliza. Pesa ya kila mwezi lazima sasa ijulikane kabla mwezi haujaanza. Akaamuru makadirio. Mimi dereva, naye Matiko mtu wa stoo, kila mmoja aandike ni lita ngapi zitanunuliwa Agosti nzima. Mwisho wa mwezi risiti za kituo cha petroli zijumlishwe. Atakayekuwa karibu na jumla hiyo atashika ufunguo. Mwingine ataenda kwenye mizani.

Mizani! Vumbi la maganda ya njugu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mzee Job, baba yake Mama Jedidah, alipima pale hadi kifua kikamshinda. Sasa amelazwa Homa Bay. Mimi naendesha pikapu hii ya Peugeot tangu mwaka wa themanini na nane. Watoto wa Suna huniita Jagari, mtu wa gari. Nani ataitwa Jagari akiwa amekaa nyuma ya mizani?

Matiko aliandika mia moja na sitini. Ni Mkuria wa maneno machache, kila neno lake huja limepimwa. Alisema amechukua safari za Homa Bay na Oyugis, akagawa kwa uwezo wa gari, halafu akaongeza kidogo kwa dharura. Nilimuuliza dharura gani hiyo. Akajibu kwamba ingejulikana isingekuwa dharura. Kamati ilicheka. Sikuona cha kuchekesha.

Mimi niliandika mia moja na kumi. Mama Jedidah alishusha miwani. “Cephas, hii mia na kumi, utaendesha gari ama utalisukuma?”

Nikamwambia hilo ni suala la ufundi.

Hawaelewi. Matiko anakisia. Mimi ndiye mwenye usukani. Mtu anayekadiria kitu kilicho chini ya mguu wake mwenyewe atakosea vipi?

Ijumaa, 4 Agosti

Jaribio la kwanza. Migori hadi Homa Bay na magunia sita tu ya njugu. Kila mteremko nilizima injini, nikatia nyutro, gari likateleza lenyewe. Kimya kizuri sana. Unasikia hata ndege.

Jambo moja: breki bila injini ni ngumu kama jiwe. Karibu na Rodi ng'ombe alivuka bila haraka. Nilisimama juu ya breki kwa miguu miwili. Tulitazamana, mimi na ng'ombe, kwa ukaribu ambao sikuupenda. Mchungaji alinitukana hadi kizazi cha babu.

Lakini matokeo! Kufika Homa Bay nimetumia lita nne tu. Kwenda na kurudi, basi, ni nane. Nimeandika kwenye ukuta wa choo kwa mkaa ili nisisahau.

Kurudi mshale wa petroli ulishuka zaidi. Upepo.

Jumatano, 9 Agosti

Matiko alitaka twende Oyugis kuchukua magunia matupu. Nikamwambia gari lina homa. Akauliza homa ya gari hupimwa wapi. Nikamshauri atumie basi, magunia matupu si mzigo. Akaenda zake bila kubishana. Nikadhani nimeshinda.

Alirudi na Mama Jedidah, amevaa kitambaa cha safari, mkoba kwapani. Kumbe naye ana shughuli Oyugis. Nikawasha gari. Homa ilipona.

Kwenye mteremko wa kwanza nikazima injini. Mama akauliza mbona kimya. Nikasema injini inapumzika. Akasema yeye halipi injini ipumzike, na hata mimi hanilipi nipumzike. Matiko alikuwa anatazama dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Njia nzima niliwasha na kuzima, niliwasha na kuzima, kila nilipodhani amesinzia. Hakusinzia hata mara moja. Mama huyu hufumba macho kwa mtego.

Jumapili, 13 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilikuwa nawaza.

Suluhisho limekuja wakati wa chai. Makadirio yanahesabu risiti. Petroli isiyo na risiti haihesabiwi! Nimenunua lita tano kwa pesa yangu mwenyewe, nikatia kwenye mtungi, nikauficha nyuma ya kiti cha dereva chini ya gunia. Ikibana, naongeza kimyakimya. Kitabu cha risiti kitabaki safi.

Phelesia, mke wangu, aliuliza pesa ya sukari imeenda wapi. Nikamweleza mpango wote kwa utaratibu. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema mimi ndiye mtu wa kwanza Migori yote kuajiriwa halafu akamlipa mwajiri wake. Yawa! Mwanamke hana jicho la biashara.

Jumamosi, 19 Agosti

Mzee Job amefariki alfajiri, Homa Bay.

Mungu amlaze pema. Kumleta ni lita nane.

Kamati ilikutana papo hapo. Kwa kuwa marehemu aliutumikia ushirika hadi kifua kikaharibika, gari la ushirika litamleta nyumbani Suna, na petroli itaingia kwenye kitabu chetu. Wote waliinua mkono. Hata mimi. Ungefanyaje, binti yake anatazama?

Matiko alinipa pole. Nikamuuliza pole ya nini, marehemu si ndugu yangu. Akasema pole ya jumla tu.

Jumatatu, 21 Agosti

Kikao cha mazishi. Kikali.

Marehemu alikuwa na nyumba nyingine Sori, kule ziwani. Mke mdogo, Caren, alimuoa uzeeni. Nyumba ya mikayi, yaani mke mkubwa, mama yake Mama Jedidah, haijawahi kumkubali. Ng'ombe hawakupelekwa kwao, wanasema, kwa hiyo hakuna ndoa. Mdogo wa marehemu, mzee mwenye fimbo, alisema taratibu kwamba mtu hapitishwi mbali na mlango wake mwenyewe. Apelekwe Sori kwanza, akapige hodi, ndipo arudishwe Suna azikwe. Mama Jedidah alisema hataki kusikia neno Sori. Huyo mwanamke hata habari za msiba hakupelekewa.

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Sori! Vumbi tupu na mashimo, kwenda na kurudi ni kama safari nyingine ya Homa Bay. Kitabu kimeshafika lita tisini na mbili. Nikaona makadirio yangu yanazama ziwani.

Nikasimama. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema mila ni mila, ng'ombe ni ng'ombe, na nyumba isiyo na ng'ombe ni kivuli cha mti. Nilisema marehemu alikuwa mtu wa mizani na mizani haipendelei. Wazee waliitikia kwa kichwa. Mama Jedidah alinishika mkono kwa machozi, akasema hakujua nampenda baba yake kiasi hicho.

Sori ikafutwa.

Nje Matiko aliniuliza kutoka hapa hadi Sori ni kilomita ngapi. Nikamuuliza za nini. Akasema anauliza tu, yeye si mwenyeji wa huko.

Ijumaa, 25 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi nilinunua lita kumi na moja. Risiti ipo. Jumla mia na tatu. Safari ni nane kwa hesabu yangu ya ukutani. Nikaongeza tatu kwa heshima ya marehemu.

Kwenda, sawa. Nyutro kila mteremko. Homa Bay tukapakia. Jeneza la mvule, zito, Mama Jedidah hakutaka aibu. Nyuma pamoja na jeneza waombolezaji wanane na Matiko. Mbele mimi na Mama. Nikaona gari limekaa chini kama kuku anayeatamia. Sikuwa nimeweka kuku kwenye hesabu.

Kisha nikagundua jambo ambalo sijui lilinipitaje. Kutoka Homa Bay kuja Rongo barabara inapanda. Inapanda karibu yote. Ule upepo wa tarehe nne haukuwa upepo.

Mshale ukaanza. Rodi, robo. Mbele ya Rodi, chini ya robo. Mama alikuwa anaimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini na mimi natazama mshale. Rongo ukagusa mstari mwekundu. Kituo cha petroli kile pale kushoto! Kusimama ni kununua. Kununua ni risiti. Niliomba Mungu nikapita.

Kilima kabla ya Awendo. Gari likakohoa. Likatikisika. Likasimama katikati ya kilima na wimbo ukakatika.

Nikajaribu ufunguo. Krrr. Kimya. Nyuma ya kiti changu, mtungi wangu, lita tano. Nikaanza kufikiria namna ya kuutoa bila kuonekana.

Ndipo mwanamke mmoja nyuma akapiga ukemi: “Amekataa! Mzee amekataa!”

Wote walishuka. Kwetu jambo hili linajulikana. Maiti ikiwa na neno, gari haliendi. Hata liwe jipya. Mama Jedidah alishuka polepole, uso umebadilika. Mdogo wa marehemu akagonga jeneza kwa fimbo, kwa adabu, akauliza, “Omera, ndugu yangu, nini?”

Nilipaswa kusema pale. Maneno mawili: petroli imeisha. Lakini Mama angeuliza imeishaje. Ningejibu nini? Ufunguo ungeondoka pale pale kilimani, na mimi ningetembea hadi Suna, kama wangeniacha na miguu.

Nikanyamaza. Wao wakaanza.

Mmoja akasema Mzee anataka kofia yake. Kofia ikatolewa kwenye kikapu, ikawekwa juu ya jeneza. Wakanitazama. Nikajaribu. Krrr. Kimya.

Binamu yake akavua viatu, akapiga magoti barabarani. Akaungama kwamba redio ya Mzee iliyopotea mwaka juzi iko kwake. Ataileta, na betri mpya juu. Wakanitazama. Nikajaribu. Krrr, dhaifu zaidi. Betri inakufa! Nikaanza kutoka jasho la kweli.

Mwingine akasema labda Mzee hataki dereva huyu. Wakanitazama kwa namna nyingine.

Wakati huo Matiko alikuwa anazunguka gari taratibu, mikono nyuma. Akainama karibu na gurudumu. Akagonga tangi kwa kifundo cha kidole. Du! Lililia kama ngoma. Akaninyanyulia macho. Mimi nikatazama mawingu.

Nilisubiri aseme. Sijawahi kusubiri kitu namna ile. Alijifuta kidole, akakohoa, akasogea hadi kwa Mama Jedidah akiwa amevua kofia yake mwenyewe.

“Mama, mimi ni Mkuria, haya mambo yenu siyajui,” akasema. “Lakini huyu mzee... si alikuwa na nyumba Sori?”

Mdogo wa marehemu akapiga fimbo chini. Akasema si aliwaambia! Si aliwaambia Jumatatu, wakamsikiliza dereva! Wale wanane wakaanza kunung'unika: Sori, Sori, anataka mlango wake. Mama Jedidah alisimama peke yake kando ya barabara, ametupa mgongo. Aliporudi aliweka mikono miwili juu ya jeneza, akawaambia wote wafumbe macho.

Wafumbe macho! Sikungoja. Nilivuta mtungi kutoka chini ya gunia nikazunguka kwa magoti.

“Baba,” akasema, “nimesikia. Nilikuwa na hasira kwa ajili ya mama.” Nikafungua kifuniko cha tangi. Kililia kwiii. Nikaganda. Akaendelea. “Caren ni mkeo. Mimi ndiye niliyekataa, wewe hukukataa.” Petroli ikaanza kushuka, glu, glu, glu, nikaomba alie kwa sauti zaidi. Akalia kwa sauti zaidi. “Tutakupeleka Sori, upige hodi kwako. Yeye atakaa karibu nawe hadi kaburini. Kisha uje upumzike, Baba.” Harufu ikapanda. Mtu mmoja akavuta pua, mara ya pili akavuta tena. Nikamwaga hadi tone la mwisho.

Nilipoinua kichwa macho yote yalikuwa yamefumbwa. Isipokuwa ya Matiko.

“Amina,” akasema Matiko, kabla ya wengine.

Nikaingia. Nikazungusha ufunguo. Krrr. Krrr. Likakohoa. Likakohoa tena. Likashika!

Vigelegele! Binamu wa redio alilia kama mtoto. Mdogo wa marehemu alitazama mbinguni kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Mama Jedidah alipanda mbele akanishika bega. Akasema sasa nimeona, mila si ng'ombe peke yake. Nikasema nimeona.

Migori, kituo cha petroli. Maurice wa pampu akauliza ngapi. Nikaonyesha vidole vitatu chini ya dirisha. Mama akainama mbele yangu. “Jaza. Baba ameshakubali, tusisimame tena njiani.” Lita hamsini. Mshale ulipanda mahali ambapo sikuwa nimeuona tangu Krismasi. Risiti ikaandikwa. Nyuma nilimsikia Matiko akimshukuru Maurice kwa Kiswahili safi.

Sori tulifika jua limeinama. Caren alikuwa anaanua nguo. Aliona gari, akaona jeneza, nguo zikamponyoka mkononi. Mama Jedidah ndiye aliyemwendea. Sikusikia walisema nini. Baadaye, akiwa amekaa karibu na jeneza, Caren aliuliza ni nani aliyemkumbuka. Wote walimwonyesha marehemu.

Hakuna aliyeonyesha tangi.

Jumatatu, 28 Agosti

Mazishi yalienda vizuri. Nimelishwa sana.

Leo kuwarudisha wageni Homa Bay na Oyugis. Tangi lilikuwa na petroli ya kutosha, nikasema hivyo mbele ya watu. Matiko akashauri kwa upole kwamba njia ni ndefu, na baada ya yale ya Ijumaa ni nani angependa kubahatisha? Afadhali lita sita za amani. Mama akakubali. Watu wote walikubali. Mtu akitaja Ijumaa sasa, hakuna anayebisha.

Mia na hamsini na tisa.

Nilianza kuhisi kitu, lakini sikukijua.

Alhamisi, 31 Agosti

Sasa nakijua.

Asubuhi, kabla kamati haijakaa, Matiko alitoka na chupa, akaenda kwa Maurice akanunua lita moja. Moja! Akachukua risiti. Akasema ni ya kuoshea spana.

Mama Jedidah akajumlisha. Mia moja na sitini. Hata nukta hakukosa. Kamati ilipiga makofi. Mjumbe mmoja akasema huyu Mkuria ni nabii, alijua dharura kabla haijatokea. Matiko akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye aliweka tu nafasi kidogo kwa mambo ya Mungu.

Nilitaka kusimama. Kusema alijua tangi ni tupu. Kusema alipiga hodi kwa kifundo cha kidole. Lakini kila sentensi niliyoianza kichwani iliishia kwangu. Mama angemkumbuka baba yake pale kilimani, na maneno aliyoyasema akiwa amefumba macho, na glu glu. Nikakaa.

Nikampa ufunguo. Aliuzungusha kidoleni. Nje alinikaribia, akanirudishia mtungi wangu mtupu, umeoshwa. “Omera,” akaniita kwa lugha yangu, huyo Mkuria, “huu uliuacha chini ya gari. Nilikuokotea.”

Mizani nimeijaribu mchana. Nimekohoa mara mbili. Mtoto mmoja alipita akaniita Jagari, mwenzake akamkanya.

Lakini Mama alisema shindano linaendelea! Makadirio ya Septemba yawe mezani kesho, na atakayekuwa karibu atashika ufunguo mwezi wa kumi. Hapo ndipo Matiko atakapolia. Ameandika tena mia na sitini. Hana mawazo mapya. Hakumbuki kwamba tangi bado lina petroli ya Agosti, iliyokwisha kulipiwa, yenye risiti ya Agosti. Mimi nakumbuka. Nimetoa petroli hiyo kwenye hesabu. Nimetoa mteremko, wa kwenda tu. Nimenunua mtungi wa lita kumi. Phelesia hajui bado.

Nimeandika themanini.

Na safari hii sikuacha kitu kwa bahati. Jioni nimepita kwa kila mjumbe wa kamati, nyumba kwa nyumba, nikauliza hali za wazazi. Hakuna mgonjwa.